Gesi ya magari ni nafuu, lakini saa zetu analipa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaopanga mambo ya gesi ya magari. Kila wanapotuambia kwamba kilo moja ni Sh1,550, naona wamefanya nusu tu ya hesabu.

Mimi ni dereva wa taksi mtandao, naishi Kimara. Agosti 2022, petroli ilipofika Sh3,410 kwa lita hapa Dar es Salaam, kuna siku nilikuwa narudisha gari jioni bila hata kutimiza hesabu ya bosi. Mwaka uliofuata tukakubaliana tufunge mfumo wa gesi. Ilitugharimu karibu Sh2 milioni, yeye akatanguliza fedha, mimi nikawa nakatwa kila wiki mpaka deni likaisha. Sijuti hata kidogo. IST ninayoendesha inakwenda wastani wa kilometa 150 kwa siku. Kwa petroli ilikuwa inakunywa lita 12, na hata lita ikiwa Sh3,000 hiyo ni Sh36,000. Kwa gesi inatumia kilo nane, Sh12,400. Tofauti hiyo ndiyo iliyomaliza ada ya mwanangu mkubwa.

Sasa tuje kwenye foleni.

Wiki iliyopita niliingia kwenye foleni ya kituo kimoja saa kumi alfajiri, nikidhani nimewahi. Nilitoka saa moja na nusu. Kwa sisi wa taksi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi ndipo kuna fedha, watu wanawahi kazini na nauli inakuwa nzuri. Nilipoteza safari tatu au nne, na fedha ya safari hizo inakaribia kulingana na kile nilichookoa kwa kutumia gesi siku ile. Na sikujaza. Mtungi wangu unachukua kilo 11, nikapata kilo sita. Kijana wa pampu akaniambia presha imeshuka, nisogee wengine wahudumiwe.

Hapo ndipo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu wengi wanadhani tatizo ni uchache wa vituo peke yake. Gesi haimiminwi kama petroli. Inashindiliwa na kompresa, na mtungi wa gari unatakiwa ufikie presha ya bar 200 ndipo useme umejaa. Kituo huwa na akiba yake ya gesi yenye presha kubwa zaidi ya hiyo. Magari yakija kwa mfululizo akiba inapungua, kompresa inashindwa kwenda na kasi, na anayefika wakati huo anapewa kinachoweza kuingia. Umeme ukikatika kompresa inasimama. Kituo kinacholetewa gesi kwa lori ndicho kina shida zaidi, lori likichelewa watu wanasubiri. Mwenye mtungi uliojaa nusu hana ujanja, jioni atarudi. Kwa hiyo gari ambalo lingekuja mara moja kwa siku linakuja mara mbili, foleni inazaa foleni. Tukifungua vituo vipya vyenye kompresa dhaifu na akiba ndogo, tutakuwa tumeongeza mahali pa kusubiria.

Ni kweli vituo vimeongezeka, nami nashukuru. Lakini magari na bajaji zinazofungwa gesi zinaongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Ubungo mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Gesi ni yetu na imekwisha kufika mjini. Barabara ya Morogoro nayo imejaa sheli, nyingine zinatazamana, zina eneo, zina paa, zina wafanyakazi wa zamu ya usiku. Kwa nini zile zilizo karibu na bomba zisisaidiwe kufunga pampu ya gesi? Mtu akipewa mkopo wenye masharti nafuu wa kununulia kompresa nzuri, ataufanyia kazi, maana wateja tupo na tumeshajipanga.

Bajaji nazo zitengewe pampu yao. Mtungi wake ni mdogo, unajaa haraka, lakini inabaki nyuma ya basi kwa muda mrefu. Ukimuona dereva wa bajaji amelala amekunja magoti kwenye kiti chake usiku wa manane, ujue hajapumzika, yuko kazini bila malipo.

Juni 2024 bajeti ilipopendekeza tozo ya Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, hoja ilikuwa kwamba nasi tunatumia barabara. Ni kweli tunazitumia, na mimi sipingi kuchangia. Ila mwenye kudai mchango kwa kilo ahakikishe kwanza kilo hizo zinapatikana bila kumpotezea mtu asubuhi nzima.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi na tunazisubiri. Naomba pia watutangazie kila kituo cha gesi kilifanya kazi kwa saa ngapi na kilisimama mara ngapi. Vituo vyenyewe vitumie ujumbe wa simu kusema presha ikoje sasa hivi. Hilo halihitaji bomba jipya wala mkopo. Lingetuzuia kutoka Kimara mpaka upande wa pili wa jiji kufuata gesi ambayo haipo, halafu turudi kwa petroli.

Na wakubwa wanaokuja kukagua vituo, tunaomba waje angalau mara moja saa kumi alfajiri. Wasije saa nne asubuhi, wakati wengi wetu tumeshaondoka na nusu mtungi. Waanze kwenye gari la mwisho, watembee kwa miguu mpaka kwenye pampu, wakiwauliza madereva wamefika saa ngapi.

Dereva wa taksi mtandao,
Kimara, Dar es Salaam