Mtani, msitume hela kwanza

Ilazo, Dodoma

Mtani wangu Neema,

Mbukwenyi! Najua hujui kuitikia, sema tu kamwene tuendelee.

Huku wazima. Upepo umeshaanza, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari, na mama anasema goti limemkumbuka. Chogo bado anaapa atalipa mwisho wa mwezi, ila hajawahi kutaja mwezi gani. Ya Mwajuma tutaongea kwa simu, hayaandikiki.

Video ya kiwanja mnachotaka kununua huku Dodoma mjenge nyumba za kupangisha nimeiona, na sauti ya shemeji, mumeo, nimeisikiliza yote hadi pale alipoanza kukohoa. Nilitaka na mimi nijibu kwa sauti, nikakumbuka wewe zile ndefu unaziruka. Basi nakuandikia, msome wote wawili, na nawaomba msitume ile milioni mbili ya kushikia kiwanja mpaka mfike mwisho wa barua.

Sipingi kujenga Dodoma. Ningepinga vipi na mimi nimezaliwa hapahapa? Babu yangu wa Hombolo aliambiwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yanahamia kwetu, akawa anawatambia watani zake kuwa Dar inamfuata nyumbani. Amezikwa Serikali ikiwa bado inajiandaa. 2016 Magufuli aliposema sasa wanahama, na Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, wazee hapa walicheka, mpaka walipoona malori yanashusha makabati ya wizara. Tangu hapo mji umekuwa mwingine. Sensa ya 2012 ilitukuta watu laki nne na kidogo hapa mjini, ya 2022 ikatukuta zaidi ya laki saba na nusu. Hao wote wanalala mahali. Kwa hilo shemeji yuko sahihi, wapangaji wapo. Ila wako upande gani na wanataka nini, dalali wenu hakugusa.

Eti kiwanja kiko "jirani na Mji wa Serikali". Mtani, siku hizi hakuna kiwanja Dodoma kisichokuwa jirani na Mji wa Serikali, hata cha Bahi, wilaya nyingine kabisa, nimesikia kinatangazwa hivyo. Mtumba, uliko huo Mji wenyewe, ni kama kilomita 17 toka mjini. Simama asubuhi barabara ya Dar uone mabasi yanavyobeba watumishi kutoka Area C, Kisasa, Nkuhungu, Miyuji, jioni yanawarudisha. Kazi wanafanyia Mtumba, lakini wanakaa penye shule, soko na maji. Siku moja watasogea, sikatai, kule kunajengwa kila siku. Swali ni kama kiinua mgongo cha shemeji kina subira ya kungoja hiyo siku moja, kwa kikokotoo hiki cha mafao ya kustaafu tunachokijua.

Halafu kuna treni ya mwendokasi. Tangu Agosti 2024 mtu anatoka ofisini Ijumaa, usiku yuko Dar na familia yake, Jumapili anarudi. Pale kwetu wako wengi ambao mke na watoto hawakuhama na hawana mpango huo. Mtu wa namna hii umpe nyumba ya vyumba vitatu na baraza aifanyie nini? Anataka chumba kimoja self, jiko lake dogo pembeni, mita ya umeme ya Luku yake mwenyewe asigombane na mtu, geti linalofungwa, na maji. Shemeji anataka nyumba mbili kubwa kwa sababu zinapendeza. Zinapendeza kweli, na ile ramani yenye nguzo mbele nimeipenda. Lakini nyumba kubwa ikihamwa, yote iko tupu. Ukiwa na vyumba sita akahama mmoja, watano bado wanalipa.

Nimetaja maji, sasa hapo ndipo pananikosesha usingizi kuliko wewe. Nyie Iringa mvua inawanyeshea hadi mnalalamika. Sisi msimu ni mfupi, Desemba mpaka Aprili, na ukikata umekata. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu bado inatoka visima vya Mzakwe, watu wameongezeka kama nilivyokwambia, na mitaa mingi ya pembezoni inakwenda kwa mgao. Mpangaji wa hapa akija kuangalia chumba haulizi rangi wala tailizi. Anafungua bomba. Likikohoa anakuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na tenki ni lita ngapi. Jirani yangu ana vyumba vizuri kuliko vyangu, gypsum, madirisha ya alumini, vyote, lakini wapangaji wake hawamalizi ile miezi sita waliyolipa. Wanahama na hela wanaacha! Sababu ni ndoo tu. Shemeji anasema atachimba kisima. Sawa, lakini maeneo mengi huku ukichimba unakuta maji ya chumvi, ya kufulia hayatoi povu, na gharama ya kuchimba unalipa uwe umepata au umekosa. Kwenye ile video sijaona nguzo ya umeme wala bomba. Nimeirudia mara kadhaa, nikaona mbuzi na mbuyu.

Na udongo nimeuona. Ni mweusi, umepasuka vipande kama ugali wa jana. Huo mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa, na ukuta unafuata. Fundi akikwambia msingi wa kawaida unatosha hapo, mfukuze. Tena video imepigwa kiangazi, kila kitu kinaonekana tambarare. Kule nyuma kuna mstari wa miti ya kijani peke yake. Mimi Mgogo nakwambia hilo ni korongo, na Januari linatembea.

Upande wa makaratasi, "kimepimwa" siyo karatasi. Muombeni namba ya kiwanja na kitalu, jina la muuzaji kama lilivyo kwenye hati au barua ya toleo, ile ya kupewa kiwanja, na mke wake awepo siku ya kuandikishana. Hapa kwetu mtakuta nyaraka za zamani za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, na za kuanzia hapo zina jina la manispaa au jiji, zote zinazunguka mitaani mikononi mwa madalali. Mkinipa namba, naenda mwenyewe ofisi ya ardhi tufanye upekuzi tujue ni ya nani. Baba Koku alishamwaga mawe ya msingi ndipo akatokea mama mmoja na barua ya kiwanja hichohicho, ya zamani kuliko yake. Mpaka leo mawe yapo, yeye na yule mama wanasalimiana vizuri tu, kila mmoja anasubiri mwenzake achoke.

Sasa hesabu, maana shemeji ni mwalimu wa hesabu na kwenye ile sauti hakufanya hata moja. Tuseme mna milioni 60 na zinatosha vyumba sita, ambapo sina uhakika kama zitatosha kwa bei ya nondo. Kila chumba laki moja na ishirini. Kwa mwaka ni milioni 8 na laki 6 na elfu 40. Toa chumba kimoja, kwa sababu mwaka hauishi bila mtu kuhama, zinabaki milioni 7 na laki 2. Toa kodi ya zuio, ile Serikali inayokata kwenye pango, asilimia 10. Umebaki na milioni 6 na kama laki 5, na hapo hujabadilisha kitasa, hujapaka rangi, hujalipa pango la ardhi. Kodi ya majengo yenyewe inajikata kwenye Luku, hata ukijifanya umesahau. Ni zaidi ya miaka tisa kurudisha hela yako. Milioni 60 hizohizo ukinunua hatifungani za Serikali pale Benki Kuu, yaani umeikopesha Serikali kwa riba, tuseme kwa asilimia 12, unapata milioni 7 na laki 2 kwa mwaka, nusu kila miezi sita, na hakuna hatifungani itakayokupigia simu usiku kwamba choo kimeziba.

Haya, shemeji atasema ardhi inapanda thamani na karatasi haipandi. Ni kweli, na mimi mwenyewe ndiyo maana nilijenga. Kama roho yake iko kwenye nyumba, basi asiweke zote. Achukue kiwanja kidogo Nkuhungu au Makulu, penye bomba, aanze na vyumba vitatu, nyingine akae nazo. Kule Mtumba akitaka anunue kidogo cha wajukuu. Dalali atawaambia kuna mteja mwingine amefika na hela mkononi. Yupo siku zote huyo mteja.

Sasa nijibuni. Huyo muuzaji mmemwona kwa macho au mnamjua kwa simu tu? Video ilipigwa lini? Mke wa muuzaji anajua kuna kiwanja kinauzwa? Kuna mkopo wowote mnaufikiria juu ya hiyo hela, au ni kiinua mgongo peke yake? Na wewe unataka nini, mtani, maana kwenye sauti nzima nimemsikia shemeji tu na wewe unasema "mh". Nani atakusanya kodi za wapangaji? Usiseme mimi. Nimekujua, ulishaanza kusema mimi. Na lini mnakuja muone wenyewe kwa miguu? Njooni Jumamosi yoyote, godoro lipo, mlenda upo, na mbwa wetu nitamfungia ndani nikishasikia Wahehe mmefika stendi.

Wako,
Mage