Kwa Nini Kauri Zetu Hazina Mgongo

Wiki iliyopita mama mmoja aliurudisha mkanda wa kauri, yale maganda ya konokono wa baharini, aliokuwa ameuagiza kwa ajili ya harusi ya bintiye, akauweka mezani kwetu hapa Kibuye, Kisumu, na kusema kwamba tumemuuzia nusu kauri kwa bei ya kauri nzima. Alikuwa amefumua moja akakuta kwamba nyuma ya ule mdomo wenye meno hamna kitu ila tundu. Kwa kuwa si wa kwanza kulalamika hivyo, tumeona heri tueleze.

Kauri nzima ina mgongo wa mviringo kama wa yai, kwa hiyo ukitaka mdomo wake uonekane juu ya ngozi au kitambaa, haitulii, na sindano nayo haipati pa kupenya vizuri. Ndiyo maana tunausaga mgongo huo polepole kwenye jiwe lenye maji, ili vumbi lisituingie kifuani, kisha tunaupitisha ukingo kwenye msasa, maana ukingo ulioachwa mkali hukata uzi kama wembe. Kila kauri hushonwa kwa fundo lake, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, ili moja ikitoka nyingine zisimwagike. Shilingi 25 tunazotoza kwa kila kauri hulipia hasa kazi hiyo, na mkanda wa kauri 60 humchukua fundi wetu siku mbili.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Waganga wa Kiyoruba nchini Nigeria hurusha kauri 16 zilizokatwa migongo na kuhesabu ngapi zimelala mdomo ukiwa juu. Jirani zetu Waganda, ambao hadi leo huziita fedha ensimbi kwa jina la kauri, walizitoboa na kuzitunga kwenye kamba zilipokuwa pesa halisi, na hakuna aliyesema pesa hiyo imeharibika.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tusiziokote bure pale Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Kauri ni ganda la konokono wa baharini, na ziwani hayumo. Zetu hutoka pwani, ambako nako haziokotwi popote tu, kwa kuwa ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu ni marufuku, na nauli ya basi hadi Kisumu ni juu yetu.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi ni gundi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiandaa ngoma ya wanafunzi alinunua kauri nzima, akawaamuru wavulana wavunje migongo kwa nyundo, kisha wakazibandika kwenye mikanda ya ngozi kwa gundi ya kukauka haraka. Nyufa za nyundo zilifika hadi kwenye meno, na gundi ile, ambayo ikikauka huwa ngumu isiyokunjika, iliachia mara tu viuno vilipoanza kucheza. Alitufikia siku mbili kabla ya mashindano, tukalazimika kuikwangua ngozi, kuitupa ile iliyochubuka na kushona upya usiku kucha, naye akalipa karibu mara mbili ya bei aliyoikwepa mwanzoni.

Tafadhali msizioshe kwa limau wala siki. Konokono huyu akiwa hai hulifunika ganda lake kwa ngozi laini ya mwili wake, na ngozi hiyo ndiyo inayoliwekea mng'ao, wala hakuna rangi wala vanishi tunayopaka. Ganda lenyewe ni la jamii ya chokaa, asidi hulila, na mng'ao ukishaondoka hatuna namna ya kuurudisha, hata mteja akitulipa kiasi gani. Kitambaa chenye maji vuguvugu kinatosha.

Yule mama tulimkalisha kando ya fundi, akatazama kauri tatu zikisagwa bila kusema neno. Kisha akauliza kama mkanda unaweza kuongezwa kauri nane, kwa sababu bintiye amenenepa kidogo tangu tulipompima. Unaweza, kwa shilingi 25 kila moja.