Sufuria ya artemisia na jina la Tu Youyou

Mhariri,

Mwezi huu nimetembezewa mara mbili majani makavu ya artemisia, eti ya kuchemsha kama chai ya malaria. Muuzaji wa pili alikuja na hoja nzito: "Mama, hii ndiyo iliyompa yule bibi wa Kichina Nobel."

Ni kweli, Tu Youyou alipata Nobel ya tiba mwaka 2015, akiwa na miaka 84, bila hata shahada ya uzamivu. Lakini muuzaji hajui bibi huyo aliipataje.

Mwaka 1969 mfamasia huyu alikabidhiwa kikundi cha watafiti Beijing, katika mradi wa siri wa kijeshi ulioitwa 523. Malaria ilikuwa ikiwamaliza askari wa Vietnam Kaskazini, na klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa haifui dafu tena. Mumewe alikuwa amepelekwa shamba, mtoto wao mdogo akabaki mikononi mwa walezi. Kikundi kikapekua maandiko ya waganga wa kale na kujaribu mimea kwa panya. Qinghao, yaani artemisia hiihii, ikafanya vizuri, kisha ikashindwa. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4. Humo imeandikwa: loweka majani, kamua, mgonjwa anywe maji yake. Moto haukutajwa. Akashuku kuwa kuchemsha ndiko kunakoharibu dawa, akahamia kwenye etha, kimiminika cha kukamulia dawa ambacho huchemka kwa nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwa panya. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza.

Sasa sufuria inatoka wapi? Artemisinini, yaani ile dawa iliyomo kwenye majani, huyeyuka kwa shida katika maji, na hakuna ajuaye kikombe kimoja kina kiasi gani. Dozi pungufu ndiyo inayozalisha usugu wa vimelea kwa dawa. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo. Dawa mseto ya malaria tunayoiita ALu ina dawa mbili zilizopimwa, na humezwa kwa siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya kwanza (hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, nimeyaona kwa miaka mingi wodini).

Yote haya nilimweleza muuzaji. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanipunguzia bei.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga