Asilimia 90 ya nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi naanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na masika iliyopita nilikua kabla sijamwaga mzigo chanjani naangalia kwanza apu ya hali ya hewa kwenye simu. Siku moja ikasema mvua asilimia 10, nikaanika, saa saba mvua hiyo, dagaa wote chapachapa, jioni mteja ananipa bei ya chakula cha kuku.

Nikataka kuifuta ila mjomba akanambia we, kumi sio sifuri, huwezi kuihukumu kwa siku moja, shika daftari. Basi nikawa naandika, asubuhi imesema ngapi, jioni imenyesha au wapi. Zile siku ilizosema 90 ukizikusanya, katika kila kumi ilitakiwa inyeshe tisa. Kwangu hazikufika hata saba! Kukosea tunakosea wote, ila hii inakosea na kifua mbele.

Kumbe hesabu ya kupima utabiri wa namba kama huu ipo zamani tu, Mmarekani mmoja wa hali ya hewa, Glenn Brier, aliitoa 1950. Unachukua tofauti ya ulichosema na kilichotokea, unaizidisha kwa yenyewe, alafu unatafuta wastani wa siku zote, na hapa namba kubwa ndo aibu. Ikinyesha ni 1, isiponyesha ni 0, kwa hiyo umesema 90 (yaani 0.9) haijanyesha, unakula 0.81. Ungesema 50 ungekula 0.25 tu.

Sasa hizi AI, akili mnemba, ndo usiseme. Mwaka 2017 watafiti wa Cornell kule Marekani walionyesha kwamba modeli zake za kisasa, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, zinapatia kuliko za zamani lakini zinajiamini kupita kiasi, na dawa yake wala sio ngumu, namba moja tu ya kuzipooza, jibu linabaki lilelile ila majigambo yanashuka. Shemeji ana apu ya kutambua magonjwa ya mihogo, ukiipiga picha jani inakwambia batobato asilimia 97. Tukaipa jani la mpera, batobato 97. Tukaipa kandambili ya mtoto (jamani!), batobato tena.

Kwa hiyo nyie waandishi mkiambiwa apu fulani ina usahihi wa asilimia 95 msiandike tu, ulizeni pia, pale iliposema ina uhakika ilipatia mara ngapi? Daftari langu ninalo, mwandishi wenu akija Kigoma aje alione, ila asije mbalamwezi, hatuingii ziwani.

Muanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma