Msichomelee magurudumu kwenye tangi la kompresa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wenzangu wa rangi, wa pancha na wa samani, hasa wale wanaojiandaa kuhama fremu. Hapa Mwanza tunahama sana. Eneo linauzwa, kodi inapanda, na fundi anajikuta amepewa siku chache za kuondoka. Spana utazitia kwenye gunia, milango na bampa utazipanga kwenye kirikuu. Kompresa, mashine ya kushindilia upepo kwenye tangi, ndiyo inayobaki ndani mpaka mwisho, kila mtu anaizunguka na kuitazama.

Mimi napuliza rangi za magari, huu ni mwaka wa 22. Mwezi Machi nilihama kutoka Mabatini kwenda Nyakato. Kompresa yangu ilikuwa ya lita 300, tangi limelala, mota na hedi, yaani pampu inayosukuma upepo, vimekaa mgongoni. Uzito wake ulikaribia kilo 200. Niliinunua kwa mtu, ikiwa imetumika, na kilichonivutia ni kwamba ilikuwa na magurudumu manne. Mwenyewe wa kwanza alikata vipande vya chuma cha bapa, akafunga vigurudumu vidogo vya inchi tatu, kisha akavichomelea moja kwa moja kwenye tumbo la tangi. Kwenye sakafu ya saruji ilikuwa inakwenda vizuri hata kwa mkono mmoja. Nilikaa nayo miaka sita nikiisifia.

Asubuhi ya kuhama nilichukua vijana wanne wa mkokoteni, tukakubaliana shilingi 5,000 kila mmoja. Kazi ilikuwa kuitoa ndani na kuifikisha kwenye Kenta iliyosimama ng'ambo ya mtaro, mwendo wa hatua kama 30. Nilizima umeme, nikachomoa mpira wa upepo. Upepo wenyewe sikuutoa. Geji ilikuwa inasoma baa 6 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), nikajiambia nikifika Nyakato nitaanza kazi bila kungoja ijae. Maji ya chini ya tangi nayo sikuyamwaga, na kusema kweli sikuwa nimeyamwaga kwa muda mrefu.

Juu ya mtaro tulilaza ubao mmoja. Gurudumu la mbele la kulia lilidumbukia kwenye mwanya kati ya ubao na zege. Kijana wa nyuma akasukuma kwa nguvu ili livuke, kile kipande cha bapa kikapinda, kikang'oka. Anayeijua kompresa ya namna hii anajua ilivyokaa: ni kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji huku amebananisha miguu. Vizito vyote, mota, hedi na gurudumu kubwa la mkanda, viko juu. Ikishainama kidogo hairudi. Kijana aliyekuwa upande wa chini alifanya anachofanya kila mtu, alinyoosha mikono aizuie. Wenzake wakapiga kelele, "Achia! Achia!" Mikono akaiondoa, mguu ukabaki.

Wakati huohuo koki ya kutolea upepo iligonga ukingo wa zege ikakatika. Baa 6 zikatoka kwa mlio mmoja, mchanga na kokoto vikaturukia usoni. Hatukuweza kusogea. Tulisimama pembeni tumeziba macho, mwenzetu amebanwa pale chini analia, mpaka mlio ulipopungua ndipo tukaweza kuingiza mtaimbo na kuinua. Haikuzidi nusu dakika. Nusu dakika ile nimeiota mara nyingi tangu hapo.

Mifupa miwili ya unyayo ilivunjika. Ana miaka 19. Alikaa na plasta wiki sita, na kwa wiki hizo nililipa matibabu yake na posho ya nyumbani kwao. Ilikuwa haki yake. Mzigo ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliyejua kilichomo ndani ya lile tangi, yeye hakujua.

Lakini lililonifanya nikuandikie, Ndugu Mhariri, nililigundua wiki iliyofuata. Nilifungua koki ya chini, yakatoka maji ya rangi ya chai iliyokolea, karibu kujaa ndoo ya lita 10. Fundi mmoja mzee wa mitambo akanishauri nifunge tangi, nitie upepo kidogo sana, usifike hata baa moja, nipake povu la sabuni pale magurudumu yalipochomelewa. Pale lilipong'oka gurudumu povu likachemka, na hilo nililitarajia. Nilipopaka kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, ambalo lilikuwa zima, limenyooka, halina hata mkwaruzo, povu likachemka pia. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele umefuata ukingo wa weldi. Ufa ule haukuletwa na mtaro. Ulikuwepo nikiwa napuliza rangi, nimeipa mgongo kompresa kwa hatua mbili, baa 8 zikiwa ndani.

Wenzangu, tufanye hesabu. Baa 8 maana yake kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa tangi inasukumwa kwa nguvu ya kilo 8 hivi. Mfuniko wa pembeni wa tangi lenye kipenyo cha sentimita 50 una eneo la karibu sentimita za mraba 1,960. Zidisha. Unapata karibu tani 16, zinausukuma mfuniko ule kila siku unapofanya kazi, na tani 16 nyingine upande wa pili. Chuma cha tangi kilipigiwa hesabu ya kubeba hizo kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Ukikichomelea, joto linabadilisha chuma cha kando ya weldi, kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka. Kwa ndani unaunguza rangi kama ipo, kutu inapata mlango. Halafu kompresa inatetemeka siku nzima, na mtetemo wote unavuta palepale. Kutu inakula kutoka ndani, ufa unatafuna kutoka nje.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa kuchomelea: mtu akikuletea kompresa umwekee magurudumu, usiguse tangi. Mtengenezee kitanda. Mimi nilitengeneza cha kwangu kwa siku moja, kwa chuma cha engo cha milimita 50, kipana kuliko miguu ya kompresa kwa kiganja kizima kila upande. Miguu ya kompresa iliyotoka nayo kiwandani inakaa juu ya kitanda na kufungwa kwa bolti nne, chini yake vipande vya tairi kuukuu kupunguza mtetemo. Magurudumu yanafungwa kwenye kitanda. Nilichagua ya inchi sita, mawili ya nyuma hayageuki, mawili ya mbele yanageuka na yana breki ya kukanyaga. Manne yakigeuka yote, mzigo unakwenda unakotaka wenyewe.

Kwenye kununua magurudumu kuna kosa ambalo hata mimi nilitaka kulifanya. Mtu anachukua uzito anagawa kwa nne. Gawa kwa tatu. Kwenye njia zetu, mara zote gurudumu moja linaning'inia hewani na matatu ndiyo yanayobeba. Kompresa na kitanda vikiwa kilo 220, kila gurudumu lipigiwe kilo 75 kwenda juu. Mimi niliweka ya kilo 100.

Siku ya kuhama, zima umeme, kisha toa upepo wote mpaka geji ilale kwenye sifuri. Fungua koki ya chini umwage maji, uiache wazi njia nzima. Usiilaze ubavu, maana oili ya hedi itaingia isikotakiwa. Usiinue kwa kushika hedi, wavu wa mkanda wala mabomba ya shaba. Kamba ipite chini ya kitanda. Juu ya mtaro weka sahani ya chuma au mbao mbili nene zilizopigiliwa pamoja, zisiwe na mwanya. Kwenye mteremko, na Mabatini kwetu ni mteremko mtupu, watu wote wakae upande wa juu na kamba izungushwe kwenye nguzo au mti ili iachiwe taratibu. Upande wa chini asisimame mtu. Na kabla hamjaanza, waambie vijana kwa sauti: ikiinama, iacheni ianguke. Hedi inauzwa madukani.

Kwa wenye gereji nina neno moja zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatubana sisi tunaoajiri, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hukagua mitungi ya mgandamizo kama hii yetu. Wengi wetu tunamwona mkaguzi kama mtu wa faini, tunafunga geti. Mimi ningekaguliwa kabla ya Machi, ule ufa huenda ungeonekana. Naiomba OSHA nayo ishuke zaidi kwenye gereji za uani, ije na povu la sabuni kabla ya kitabu cha risiti.

Tangi lile wamekuja watu watatu kuliulizia, mmoja alinitajia bei nzuri tu, akisema ataziba ufa na kulitumia kwa pancha. Nilichukua drili nikalitoboa matundu matano ya nusu inchi, ndipo nikaliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Kijana ameshapona, anatembea, ingawa asubuhi za baridi anachechemea. Nimemchukua anajifunza rangi. Kitanda changu chenye magurudumu kiko hapa Nyakato, na gereji mbili za jirani zimeshakiazima. Asiye na uwezo wa kutengeneza chake aje achukue, arudishe jioni.

Fundi rangi,
Nyakato, Mwanza