Kabla Hamjamhukumu Rosa: Barua kwa Vijana wa Klabu ya Vitabu

Wajukuu zangu,

Jumamosi ile nilifika nyumbani salama, ila usingizi ulichelewa. Mlinialika nije kusikiliza tu, nami nikakaa kwenye kona yangu na kikombe cha kahawa, nikanyamaza kama tulivyokubaliana. Kunyamaza kwa mwalimu mstaafu si kazi ndogo. Leo mnisamehe, nayatoa yaliyonijaa moyoni.

Mlinifurahisha, tena sana. Nimefundisha fasihi miaka 31 na sikumbuki darasa lililogombana kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ninyi mlifika hadi kusimama. Timu Denge huku, timu Yasmin kule, na yule kijana wa kofia nyekundu anapiga meza kwamba mpelelezi ni Bwana Msa peke yake, na kiko chake na Najum msaidizi wake, wengine wote wanabahatisha. Nilitamani nimnong'oneze kwamba kuna kitabu cha 1984 kinachoitwa Kosa la Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimpenda mtu wake, lakini hakumwogopa.

(Halafu ninyi wa timu Denge: nusu yenu mlikuwa mnabishana kwa ile filamu ya 2021 ya Vuta N'kuvute. Filamu nzuri, nimeitazama mara mbili. Ila riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999, ni nene, na ndani yake Yasmin ana mambo mengi kuliko mapenzi yake na Denge. Isomeni.)

Kilichoninyima usingizi ni Rosa, yule msichana wa riwaya ya Rosa Mistika.

Mlimpandisha kizimbani na kumhukumu kabla kahawa yangu haijapoa. Mmoja wenu akasema, "Alijitakia mwenyewe," mkapiga makofi. Nakala tano za Rosa Mistika zilikuwa mezani, hakuna aliyefungua hata moja. Nami kwenye kona yangu nikaona jambo ambalo huenda hamkuliona: binti mmoja alifunga daftari lake, akalitia mkobani taratibu, na hakusema tena mpaka tulipoagana. Sijamwuliza kwa nini. Ninyi nanyi msimwulize.

Sisemi Rosa hana makosa. Anayo, na mengine yananikera mpaka leo. Lakini rudini mwanzo. Pale Ukerewe kuna baba mlevi, Zakaria, anayempiga binti yake kipigo cha kutisha kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anajifunza kwamba mwanamume ni kitu cha kuogopwa, basi. Hakuna anayemfundisha kitu kingine. Kisha siku moja anaachiwa mlango wazi, mbali na nyumbani, na watu wanashangaa kwamba hajui kutembea. Aliyesema "alijitakia" huenda ana hoja, lakini hoja hiyo ilipaswa ipite kwanza kwenye kile kipigo, iseme inakifanyia nini. Yenu ilikizunguka.

Kezilahabi alipokitoa kitabu hicho mwaka 1971, kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Watu wazima wa wakati ule nao walitoa hukumu upesi. Na mwandishi, alipofika mwisho, hakuthubutu kuitoa hukumu yeye: shauri la baba na binti alilipeleka mbele ya Mungu. Nendeni mkasome jinsi lilivyokwenda huko. Mtu aliyemzaa Rosa kwa kalamu yake aliona kesi ni nzito kiasi hicho, ninyi mkaimaliza kwa dakika kumi na kura ya kunyoosha mikono!

Basi ombi langu la kwanza ni dogo. Anayetaka kusema neno zito juu ya mhusika, alitaje na ukurasa. Afungue, asome kwa sauti, wengine wasikie. Mtaona ubishi unavyobadilika. Nusu ya tunayoyasema juu ya wahusika hayamo vitabuni, tumekuja nayo kutoka nyumbani.

Ombi la pili linanihusu na mimi. Tulikuzwa kwa Shaaban Robert, na Shaaban Robert hukuambia mtu ni nani kabla hajafungua kinywa. Majivuno ni Majivuno. Hasidi ni Hasidi, Mwivu ni Mwivu. Ukimaliza kusoma unajua nani wa kumpenda, unalala. Nasi walimu tukaigeuza tabia hiyo kuwa somo: mhusika mwema huyu, mwovu yule, andikeni. Lakini hata huko, mtazameni Adili wa Adili na Nduguze. Jina lake ni haki, na kila usiku anashika mjeledi kuwachapa manyani wawili ambao ni ndugu zake wa damu. Ana sababu, imo kitabuni. Mimi namsoma kwa miaka hamsini sasa na mjeledi ule haujaacha kunitia baridi.

Hapo niwakiri jambo. Mwaka mmoja tukisoma riwaya ya Utengano, mwanafunzi alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ina maana Maksuudi hakuwahi kumpenda Maimuna hata siku moja?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Baba anamfungia binti ndani mpaka anamkimbia; je, ndani ya kufuli ile hamkuwa na kitu chochote zaidi ya ukatili? Nikamjibu kwamba halimo kwenye mtihani. Akashusha mkono, na hakuunyoosha tena mpaka mwaka ulipokwisha. Kwa hiyo nilipomwona yule binti akifunga daftari, nilijua ninachokitazama.

Jambo jingine ni hawa mashujaa wenu. Mnawapenda wanaosimama katikati. Nami utotoni nilimpenda Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa kale, nani hakumpenda? Jitu la mishale na mashairi, hafi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Sasa nimezeeka, na katika utendi ule macho yangu huenda pembeni. Huenda kwa Saada, kijakazi aliyebeba ujumbe wa wimbo kutoka gerezani. Huenda kwa mama, aliyeoka mikate mizuri ili walinzi waichukue, na mkate wa wishwa wenye tupa ya kukatia minyororo ndani ili waudharau, umfikie mwanawe. Bila mkate ule hakuna tupa, na bila tupa makelele ya gungu usiku ule yangekuwa ngoma tu. Na huenda kwa yule mtoto, mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa binti wa mfalme na kupewa sindano. Kijana mdogo, wa rika lenu. Sijawahi kusikia mtu akisema huyo ndiye mhusika wake. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, mshale kwenye upinde, na mji mzima ukaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Ikabidi mama aitwe aje kumbembeleza maiti. Mtoto alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa akisikia nini? Hapo pana jioni nzima ya mazungumzo, ninyi mnaniuliza nani angemshinda nani.

Na yule aliyesema anampenda Kongowea wa riwaya ya Siku Njema, mkamcheka kwamba ni kwa sababu tu katokea Tanga. Labda. Lakini Kongowea ni kijana anayevuka mpaka kumtafuta baba yake. Mtu akikutajia mhusika anayempenda, mara nyingine anakutajia jambo lake, nawe hulijui. Cheka kitabu ukitaka. Mwenye kitabu mwache.

Jumamosi ijayo nitakuja tena, na safari hii sinyamazi. Nimeamua kumtetea Zakaria. Sijui kama nitaweza. Baba yangu mwenyewe alikuwa mwepesi wa mkono na sikuwahi kumtetea mbele ya mtu. Nimeshaweka alama za karatasi kwenye kurasa saba. Yule mwenye "alijitakia" akae mkabala nami, aje na zake. Binti wa daftari akija, mwacheni akae anapotaka.

Kahawa naleta mimi. Kashata leteni ninyi, zile za jana yake hapana, meno yangu mnayajua.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu