Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Moto Kwenye Saiti za Ndani

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nitayapitia upesi. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, na hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Wenzetu wawili tumewazika mwaka huu. Familia zao zimepata rambirambi kama katiba yetu inavyosema. Muda uliobaki nauweka kwenye jambo moja: moto kwenye saiti ambako sisi mafundi tunafanya kazi za ndani ya majengo.

Mwezi Machi tulikuwa na kazi ghorofa ya tatu ya jengo la maduka hapa Dar es Salaam. Mwenzetu alikuwa anakata fremu ya chuma kwa grinda. Kabla ya kuanza alifagia, akasogeza makopo ya thina mbali, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu yake. Asichokiona ni tundu la bomba nyuma ya ukuta wa jipsamu, upana wa kiganja tu. Cheche zilipita humo zikaangukia maboksi matupu ya vigae ghorofa ya pili, chumba kisicho na mtu. Saa saba tukaenda kula. Maboksi yakafukuta taratibu, na moshi tuliuona tumesharudi kazini.

Msimamizi wa saiti ile nilikuwa mimi. Tulikimbilia ngazi iliyoonyeshwa kwenye mchoro wa ukutani, tukakuta njia imezibwa na partisheni tuliyoijenga wenyewe wiki mbili kabla. Ngazi ya pili ilikuwa imejaa mifuko ya plasta. Kengele ya moshi haikulia, maana tulikuwa tumeivalisha mfuko wa plastiki ili vumbi lisiiwashe kila saa. Tulipofika barabarani nikahesabu watu, na sikujua kama vibarua wa asubuhi ile walikuwa wanne au watano. Dakika zile za kuulizana sitazisahau. Walikuwa wanne. Mwenzetu mmoja aliungua mikono akijaribu kuburuta maboksi, na amerudi kazini mwezi wa nane.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima. Vitu vyote vya kutukinga tulikuwa tumeviondoa kwa mikono yetu, na kila kimoja tulikiondoa kwa sababu ya kazi inayoeleweka. Fundi hawezi kufunga jipsamu bila kuziba pengine, wala kupiga msasa bila kufunika kengele. Kwa hiyo mpango wa moto uliochorwa siku ya kukabidhiwa saiti unakufa ndani ya wiki moja. Njia iliyokuwepo jana leo ni ukuta.

Waliopata msiba mkubwa kuliko wetu ni wengi. Tarehe 20 Novemba 1996, jengo la Garley huko Hong Kong liliwaka wakati mafundi wakibadilisha lifti. Milango ya lifti kwenye baadhi ya ghorofa ilikuwa imeng'olewa, shimo likabaki wazi. Moto ulianzia kwenye kazi ya kuchomelea humo ndani, ukapanda kwenye shimo kama moshi kwenye dohani. Walikufa watu 41, mmoja wao askari wa zimamoto. Mwaka huohuo, Aprili, uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, ulipoteza watu 17: mafundi walikuwa wanachomelea kwenye barabara iliyo juu ya jengo la abiria, na vibao vyepesi vya plastiki vya kuzuia joto vilivyo chini yao vikashika moto. Mchomeleaji alikuwa upande mmoja wa zege, moto upande wa pili. Ni tundu letu lilelile.

Tangu Juni tumeanza utaratibu mpya. Kila asubuhi, kabla chombo hakijawashwa, msimamizi anatembea na mafundi wote, vibarua wakiwemo, kutoka mahali pa kazi mpaka nje, kwa miguu, kwa njia watakayoitumia siku hiyo. Majina yanaandikwa kwenye daftari linalokaa getini. Kengele iliyofunikwa inaandikwa, na jioni mfuko unatolewa. Anayetaka kukata chuma au kuchomelea anachukua kibali cha siku hiyo, na mtu mwingine anasimama upande wa pili wa ukuta na ghorofa ya chini. Kazi ikiisha, mtu huyo anabaki kuangalia kwa saa nzima. Moshi ukionekana, mmoja anapiga 114 papo hapo, mwingine anatoka barabarani kulipokea gari la zimamoto. Mtungi wa unga wa kilo 6 hauchukui hata nusu dakika kuisha. Ni wa kuzimia moto mdogo, na mgongo wako uwe umeelekea njia ya kutokea.

Nawaambia ukweli, utaratibu huu haujashika kila mahali. Kutembea asubuhi watu wamekubali. Ile saa ya kuangalia ndiyo inayorukwa, kwa sababu mteja hailipi na fundi anataka kuwahi daladala. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake, lakini sisi tunaochukua kazi ndogondogo tunajikuta tumekuwa mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja. Kamati inapendekeza malipo ya mwangalizi wa moto yaingie kwenye kila kadirio la bei tunalompa mteja, yakiwa na mstari wake, kama saruji na rangi.

Jambo la pili linanikosesha usingizi. Baadhi ya saiti zetu mafundi wanalala humohumo, na usiku mlinzi anafunga kufuli kwa nje ili nyaya na vigae visiibwe. Humo ndani kuna thina, gundi, magodoro na jiko la kupikia. Nimewasikia mnaosema mteja hatakubali mlango ukae bila kufuli. Basi kitasa kiwe cha kufungulia kwa ndani bila ufunguo, na mteja asiyetaka hilo, watu wetu wasilale kwake. Napendekeza tuliandike kwenye kanuni zetu kama marufuku: mwanachama hafungiwi ndani ya jengo. Kura ya mapendekezo haya mawili itapigwa leo, mara baada ya hesabu kusomwa.